Mbuzi wa maziwa na nyama Dodoma: mnunue Oktoba, si Machi

Mwezi wa Machi kila mbuzi wa Dodoma ni mzuri. Malisho yapo, manyoya yanang'aa, kiwele kimetuna, na mwenye mbuzi anakukaribisha kwa bashasha. Anayetafuta mbuzi wa kumpa maziwa nyumbani na nyama ya kuuza asinunue mwezi huo. Aje kati ya Septemba na mwanzoni mwa Novemba, nyasi zimekwisha, kijani kimebaki juu ya migunga tu, na mbuzi wanatembea mbali kufuata maji. Mvua za huku ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na mwaka wa kawaida ni kama milimita 500 hadi 600. Miezi saba inayobaki ndiyo inayochuja mbuzi. Maziwa ya Machi hata jike wa hovyo anayatoa. Swali ni amebaki na nini Oktoba.

Usimpime kwa macho peke yake. Weka kiganja kiunoni, nyuma ya ubavu wa mwisho, ubonyeze kwa ncha za vidole. Ukikuta mifupa ya uti wa mgongo imechongoka, na vidole vinaingia kirahisi chini ya ncha za mifupa ya pembeni, huyo amekonda kupita kiasi. Ukiigusa mifupa lakini ina nyama pande zote mbili, yuko sawa kwa kiangazi. Usipoipata mifupa kabisa, anza kuuliza maswali: jike mnene mwezi wa Oktoba, asiyenyonyesha wala kuwa na mimba, mara nyingi ni tasa au ameharibu mimba, na ndiyo maana anauzwa. Kwa upande mwingine, jike aliyepungua kidogo huku analea mapacha waliokua vizuri asikutishe. Omba uonyeshwe watoto wake. Mwenye mbuzi akishindwa kukuonyesha hata mtoto mmoja wa jike mwenye meno sita, achana na biashara hiyo.

Meno yenyewe yaangalie taya la chini, mbele. Mbuzi mwenye meno madogo ya utoto yote hajatimiza mwaka au ndiyo kwanza ameutimiza. Meno mawili makubwa ya katikati huota akiwa na mwaka mmoja hadi mmoja na nusu, manne akikaribia miaka miwili, sita akikaribia mitatu, na manane karibu na minne. Anayefaa kununuliwa ni mwenye mawili hadi sita: ameshaonyesha uzazi au yuko mlangoni, na bado ana miaka ya kukuzalia. Meno yakianza kuachana na kuvunjika, mbuzi huyo hataweza kula matawi ya miiba na mabua makavu, na kiangazi kitamshinda hata ukimpenda vipi. Hakikisha pia taya la chini limekutana sawa na ufizi wa juu. Taya lililorudi nyuma au kutokeza mbele linarithiwa.

Kwenye kiwele ndipo wengi hudanganyika, kwa kuwa ukubwa si maziwa. Mkamue mbele ya mwenyewe. Michirizi miwili mitatu ya kwanza iingie kwenye kikombe cheusi au kitambaa cheusi, uangalie kama kuna mabonge, majimaji au damu. Kisha endelea mpaka maziwa yaishe. Kiwele kizuri kikimaliza hulegea na kukunjamana kama mfuko mtupu. Kinachobaki kikubwa na kigumu baada ya kukamuliwa kimejaa nyama, au kina kovu la ugonjwa wa kiwele, na upande wenye kovu hautarudi kutoa maziwa vizuri. Papasa pande zote mbili: ziwe na joto sawa, pasiwe na vinundu. Chuchu ziwe mbili tu, zinazoshikika kwa vidole vitatu au vinne. Chuchu ya ziada iliyoungana na ile ya kweli inasumbua kukamua na inarithiwa, hivyo jike wa namna hiyo asiwe mama wa beberu wako. Mwisho, msimamishe umtazame kutoka nyuma. Kiwele kinachoning'inia chini ya kifundo cha mguu wa nyuma, kwenye vichaka vya miiba vya Bahi au Mvumi, kitachanwa kabla ya mwaka kuisha, na jeraha la chuchu ndilo mlango wa ugonjwa wa kiwele.

Sasa aina. Mbuzi wa asili wa huku ni mdogo, jike mzima ana kilo 25 hadi 30, na maziwa yake ni kati ya robo na nusu lita kwa siku juu ya yale yanayonyonywa. Lakini ana ngozi ya jua, anakula chochote chenye jani, anatembea, na kupe wa hapa anawafahamu. Usimdharau: ndiye msingi wa kila kitu kitakachofuata. Saanen na Toggenburg asili yao ni Uswisi, na huku kwetu wanafanya vizuri kwenye miinuko yenye ubaridi na majani mwaka mzima. Ukimleta Saanen halisi Chamwino utampata akihema kivulini saa sita mchana badala ya kula, ngozi yake nyeupe inaungua masikioni na kwenye kiwele, na bila kumletea majani mlangoni hashindi hata mbuzi wa jirani. Boer wa Afrika Kusini ana nyama, hakuna ubishi, watoto wake wanakua haraka. Ila mwenye Boer tupu asitarajie chai ya maziwa kila siku.

Katikati wapo watatu wa kufikiria. Wa kwanza ni mbuzi wa Malya, aliyetengenezwa hapa hapa Tanzania kwa kuchanganya damu ya Kamorai (mbuzi wa Pakistani) asilimia 55, Boer asilimia 30 na mbuzi wa asili asilimia 15, kwa makusudi hasa ya nyama na maziwa katika maeneo makavu. Ukimpata wa kweli, mchukue. Shida ni kwamba kila mbuzi mwenye masikio marefu mnadani huitwa Malya, kwa hiyo nunua kwenye kituo cha mifugo au kwa mfugaji mwenye daftari. Wa pili ni Galla, ambaye wengine humwita Isiolo, wa maeneo makame ya kaskazini mwa Kenya: mweupe, ngozi nyeusi chini ya manyoya, mkubwa kuliko wetu, anavumilia kiu na anatoa maziwa ya kutosha familia. Wa tatu ni Anglo-Nubian, mwenye pua iliyopinda na masikio yanayoning'inia. Maziwa yake yana mafuta mengi kuliko ya Saanen, mwili wake una nyama, na joto halimsumbui sana. Anataka chakula kizuri zaidi kuliko hao wawili.

Kwa mfugaji wa kawaida njia rahisi ni kuanza na majike bora wa asili na kuleta beberu mmoja wa mojawapo ya hizo. Chotara wa kwanza, nusu kwa nusu, ndiye mwenye nguvu kuliko wote. Anarithi ukubwa na maziwa kwa baba, ugumu kwa mama, na kule kuchanganyika kwenyewe kunampa uhai wa ziada. Akitunzwa vizuri atakupa lita moja hadi moja na nusu. Tatizo linakuja mfugaji anapopata tamaa na kumpandisha tena kwa beberu halisi wa maziwa ili apate robo tatu, kisha zaidi. Kila hatua inaongeza lita kwenye karatasi na kupunguza mbuzi anayeweza kuishi kwa malisho ya hapa. Asiye na banda zuri, majani aliyohifadhi na mashudu ya mwaka mzima asivuke nusu ya damu ya Saanen au Toggenburg. Chotara wa nusu akishapatikana, arudi kwa beberu wa Malya au Galla, ambao ukubwa na maziwa yao yameshazoea ukame.

Kuna kanuni moja ya uzazi ambayo wauzaji wa mabeberu hawaitaji. Usimpandishe jike aliyezaliwa bila pembe kwa beberu aliyezaliwa bila pembe. Kutokuwa na pembe katika mbuzi kumeambatana na kasoro ya jinsia, na wazazi wote wawili wakiwa hivyo, baadhi ya watoto ambao wangekuwa majike huzaliwa huntha: wanakua, wananenepa, hawashiki mimba. Saanen na Toggenburg wengi hawana pembe, ndiyo maana jambo hili linawapata sana wafugaji wa mbuzi wa maziwa. Mmoja kati ya wazazi awe na pembe. Beberu aliyechomwa pembe akiwa mdogo anahesabiwa kuwa ana pembe, maana damu yake haijabadilika. Mpapase kichwani, makovu utayakuta.

Beberu mchague kwa mama yake. Yeye hana kiwele cha kukuonyesha, na ndiye baba wa watoto wote wa mwaka huo. Makosa ya jike mmoja yanaishia kwa watoto wake wawili; makosa ya beberu yanaenea zizi zima. Uliza mama yake alikuwa anakamuliwa kiasi gani mwezi wa tatu baada ya kuzaa, na bado alikuwa na maziwa miezi mingapi baadaye. Uliza kama alizaliwa pacha. Uliza uzito wake alipoachishwa kunyonya. Ukishapata majibu ndipo umshike: korodani zote mbili ziwe zimeshuka, zinalingana, ngumu kiasi na zinateleza mkononi bila vinundu, mgongo umenyooka, miguu ya nyuma haijagongana magotini, kwato zimefunga. Kisha mwache karibu na jike mwenye joto umwone anafanya nini. Beberu mzuri wa sura asiye na hamu ni wa kuchinja.

Kwa msimu mmoja beberu mzima anatosha majike 25 hadi 30. Ambaye hajatimiza mwaka umpe 10 tu. Na asikae kwako zaidi ya miaka miwili. Mabinti zake huanza kuingia kwenye joto wakiwa na miezi saba au minane, na ukimwacha nao utaanza kuona watoto wadogo, dhaifu, wengine wamezaliwa na taya bovu, bila kujua kwa nini. Kubadilishana mabeberu na wafugaji wa kijiji kingine ni njia nzuri na haigharimu. Lakini beberu anayehama huhama na magonjwa yake. Apimwe damu kwa ugonjwa wa kutupa mimba kabla hajapanda, akae peke yake wiki nne, apewe dawa ya minyoo na kuogeshwa kupe kabla ya kuingia zizini. Wiki nne si urasimu: homa ya mapafu ya mbuzi inaweza kukaa mwilini muda huo wote kabla ya kikohozi cha kwanza.

Huwezi kupata maziwa na nyama kwa kumzalisha kila jike kwa njia ile ile. Chukua zizi la majike 20. Kila mwaka utahitaji mitamba wanne wa kuziba nafasi za waliozeeka na walioondolewa. Majike kumi bora kwa maziwa, wakizaa wastani wa mtoto mmoja na nusu, ni watoto 15, nusu yao majike, na ukitoa wanaokufa utabaki na kama sita wa kuchagua wanne. Hao kumi ndio wapandwe na beberu wa maziwa na nyama. Kumi waliobaki wapandwe na Boer, na watoto wao wote, dume kwa jike, waende kwenye nyama. Usibakize jike wa Boer kwa sababu tu ana mwili mzuri. Ukifanya hivyo miaka mitatu mfululizo, utajikuta na zizi la nyama linalonunua maziwa dukani. Tahadhari moja: Boer halisi asimpande mtamba wa asili wa mzao wa kwanza wala jike mdogo wa chini ya kilo 25. Kichwa na mabega ya mtoto hukwama, na hapo unapoteza wote wawili. Mtamba apandwe akishafikia asilimia 60 hadi 65 ya uzito wa jike mzima wa aina yake, hata kama umri umeshafika.

Mimba ya mbuzi ni siku 150, kwa hiyo mwezi wa kuzaa unaupanga wewe. Tatizo ni kwamba beberu anayechunga na majike hana kalenda. Njia ya zamani bado ndiyo bora: kipande cha ngozi au turubai, upana wa sentimita 30 hivi, kinafungwa kiunoni kwa beberu kining'inie mbele ya uume. Anapanda, hafiki. Kikague kila jioni, kwa sababu kamba ikilegea kidogo tu umeshapoteza msimu, na kikilowa mkojo kila siku bila kusafishwa kinamtia vidonda.

Kivue katikati ya Julai na ukirudishe mwishoni mwa Agosti. Siku 45 ni mizunguko miwili ya joto, maana jike hurudi kwenye joto kila baada ya siku 21 hivi, na asiyeshika mara ya kwanza anapata nafasi ya pili. Watoto watazaliwa kuanzia kati ya Desemba hadi mwishoni mwa Januari, mvua zimeshachipusha majani, na mama anatoa maziwa mengi wakati ule ule malisho yanapokuwa mengi. Wiki tatu kabla ya kupandisha, mwishoni mwa Juni, mwongezee kila jike gramu 250 za chakula cha ziada kwa siku. Anayepandwa akiwa anaongezeka uzito ndiye anayeshika mapacha, na Juni kuongeza ni rahisi: majani ya karanga, maganda ya kunde na mabua ya mtama yamejaa mashambani.

Ukiwa unamwona mwenyewe badala ya kumwachia beberu zizi zima, dalili za joto ni kutikisa mkia bila kutulia, kulia ovyo, kukojoa mara kwa mara mbele ya beberu, na uke kuvimba ukitoa ute. Joto linadumu siku moja hadi mbili. Mpeleke kwa beberu saa 12 baada ya kuona dalili, urudie siku ya pili. Andika tarehe, na siku ya 21 mwangalie tena. Akirudi mara tatu mfululizo kwa beberu anayezalisha wengine, tatizo ni lake.

Mpango wa Desemba una sehemu moja ngumu, nayo ni wiki sita za mwisho za mimba. Kwa wanaozaa mwanzo zinaanza mwanzoni mwa Novemba, pale ambapo hakuna kitu porini, na hapo mtoto tumboni anaongezeka uzito kuliko wakati mwingine wote. Jike mwenye mapacha asipopata chakula cha kutosha huanza kuvunja mafuta yake mwenyewe haraka kuliko ini linavyoweza. Anakataa kula, anasimama kichwa chini, pumzi yake ina harufu ya ajabu yenye utamu, kisha analala haamki. Mnene kupita kiasi naye yumo hatarini, kwa sababu tumbo limebanwa na mafuta na watoto. Dawa ni kuhifadhi chakula tangu Mei. Hesabu ya jike mmoja: kilo moja na nusu za majani makavu kwa siku kwa miezi minne, Agosti hadi Novemba, ni kilo 180, yaani marobota 12 ya kilo 15. Chakula cha kuchanganya, gramu 300 kwa siku kwa siku 60 za mwisho, ni kilo 18. Majike watano ni marobota 60 na kilo 90. Asiyeweza kuhifadhi kiasi hicho apunguze idadi ya mbuzi, asipunguze chakula.

Majani ya karanga yaanikwe kivulini, yageuzwe taratibu. Yakikaushwa juani mpaka yapukutike, unachohifadhi ni vijiti, jani limebaki shambani. Marobota yakae juu ya chaga, nusu mita kutoka ardhini, miguu ya chaga ikipakwa oili chafu, kwa sababu mchwa wa Dodoma hawahitaji mwaliko. Maganda ya mbegu za mgunga yanayodondoka kiangazi okota yote, ila yatwange au yasage: mbegu nzima hupita tumboni ikatoka ilivyoingia, na protini nzuri iko ndani ya mbegu. Gramu 200 hadi 300 kwa siku zinatosha.

Mchanganyiko wa kilo 100 unaoweza kuutengeneza kwa vitu vya hapa ni pumba za mahindi kilo 67, mashudu ya alizeti kilo 30, madini ya mifugo kilo 2 na chumvi kilo 1. Jike anayekamuliwa apewe nusu kilo kwa kila lita anayotoa, na kiwango kipande polepole kwa siku kumi. Ukimmwagia ghafla pumba zenye unga mwingi, tumbo linachachuka, anajaa gesi, anaharisha na anaweza kufa siku hiyo hiyo. Nunua mashudu kwa mkono na pua: yavunje, yanuse, ukikuta utando wa kijani au kijivu ndani yaache. Sumukuvu inapita kwenye maziwa. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye sumu hiyo, na tabia ya kusema mahindi yaliyooza "tutawapa mbuzi" inairudisha sumu mezani kwenye kikombe cha mtoto. Maji yasipungue lita tano kwa jike anayenyonyesha, na siku za joto kali anaweza kunywa karibu mara mbili yake. Hakuna chakula kinachoweza kufidia maji: ukipunguza maji leo, jioni maziwa yamepungua.

Maziwa na nyama vinagombana kwenye kikombe kile kile cha asubuhi. Unachokamua kimetoka kwa mtoto, na mtoto ndiye nyama. Dang'a, yale maziwa ya kwanza baada ya kuzaa, yote ni ya mtoto: aipate ndani ya saa ya kwanza, na katika siku ya kwanza anywe walau asilimia 10 ya uzito wake, yaani mililita 300 kwa mtoto wa kilo tatu. Kitovu kichovye kwenye iodini kabla hajagusa sakafu yenye kinyesi. Wiki tatu za mwanzo usikamue, isipokuwa kiwele kimejaa hadi mtoto anashindwa kukamata chuchu. Kuanzia wiki ya nne watenganishe watoto usiku kuanzia saa moja jioni, kamua saa kumi na mbili asubuhi, kisha waachie mama yao mchana kutwa. Mwenye mtoto mmoja mkamue chuchu moja uache nyingine. Mwenye mapacha mkamue kidogo, au usimkamue hadi wafikishe miezi miwili.

Mwamuzi ni mizani. Ile ya kuning'iniza yenye ndoana inatosha, na mtoto unamtia kwenye kiroba chenye matundu mawili ya miguu. Chotara anazaliwa na kilo mbili na nusu hadi tatu, na akinyonya vizuri huongeza gramu 80 hadi 100 kwa siku. Mpime kila wiki siku ile ile asubuhi. Akiongeza chini ya nusu kilo kwa wiki, wiki mbili mfululizo, acha kumkamua mama yake. Akifika siku 90 akiwa na kilo 10 au zaidi unaweza kumwachisha. Madume wasipite miezi mitatu zizini na dada zao. Wakifika minne wanaweza kutia mimba, na mtamba anayepata mimba ya kaka yake akiwa na kilo 14 hatakua tena.

Magonjwa yanachagua mbuzi pia. Sotoka ya mbuzi na kondoo ina chanjo inayolinda miaka mitatu au zaidi, homa ya mapafu chanjo yake ni ya kila mwaka, na zote hazina mjadala. Maji moyo, ugonjwa unaoletwa na kupe, unaua hasa mbuzi waliotoka sehemu zisizo na kupe hao. Mbuzi wa mlimani akiletwa uwandani mwezi wa mvua anaweza kuanguka ndani ya wiki chache huku wenyeji wake wakichunga. Minyoo ndiyo inayokuonyesha tofauti kati ya mbuzi na mbuzi. Kuanzia Februari hadi Aprili, kila wiki mbili, shusha kope ya chini ya kila jike. Nyekundu, mwache. Ya pinki iliyopauka au nyeupe, mpe dawa. Andika jina. Utashangaa kwamba majina yanayojirudia ni yale yale manne au matano, na hao ndio wa kuuza, pamoja na mabinti zao, hata kama wana maziwa. Ukiwanywesha wote kila mwezi unaifundisha minyoo kuizoea dawa, na hutamjua kamwe aliye mgumu. Dawa ya albendazoli usimpe jike katika mwezi wa kwanza wa mimba, na maziwa ya siku zilizoandikwa kwenye chupa yamwagwe. Maziwa yote ya mbuzi yachemshwe, kwa sababu ugonjwa wa kutupa mimba hupita kwenye maziwa mabichi na kumpa mtu homa isiyoisha.

Maziwa yakinuka beberu, kosa si la jike. Beberu alale upande ambao upepo hautoki kwake kwenda kwenye majike, na mkamuaji asimguse kabla ya kukamua.

Madume wa nyama wahasiwe kwa mpira ndani ya wiki mbili za kwanza, au kwa bana wakiwa na miezi miwili hadi mitatu. Ndafu mwenye miezi 14 hadi 18 na kilo 30 hutoa nyama na mifupa kilo 13 hadi 15. Wakati wa kumwuza ni Desemba na kabla ya Idd el Hajj, si Oktoba pale kila mwenye shida ya ada na chakula anaposhusha mbuzi mnadani Msalato. Kwa Idd mnunuzi anatafuta mbuzi aliyetimiza mwaka, asiye na kilema, mwenye masikio kamili na pembe zisizovunjika. Ndiyo maana alama ya kukata sikio inakuondolea wateja: tumia hereni ndogo, uitie katikati ya sikio kati ya mishipa miwili mikubwa, sikio likiwa kavu, na tundu ulipake iodini siku tatu ili nzi wasitage.